Mbwa wa Barafu Kule Al Wukair

Juzi mvua ilinikuta nikitoka dukani, nikajibanza kwenye kibaraza cha jirani. Mbwa wake wa ulinzi naye akaja kujibanza hapo hapo, kalowa chapachapa, akajikung'uta na kunimwagia maji yote. Mwenye mbwa akatoka mbio kuniomba radhi, maana anajua mimi ni mtu wa swala. Nikamwambia hapana neno. Nilibaki nimesimama, nimeshika mfuko wangu wa sukari, kwa sababu ile harufu ya manyoya yaliyolowa ilikuwa imeshanichukua. Watu wengi hawaipendi, na wana haki yao. Mimi ikinipata puani siwazi mbwa yeyote wa mtaani kwetu. Nawaza Doha, na joto ambalo hata sisi watu wa Tanga, tuliozaliwa na jasho, hatukuwa tumelijua.

Wa rika langu mtanielewa nikisema tulilelewa na simu. Baba zetu walikuwa Arabuni, na Arabuni kulikuwa ndani ya simu ya Mama, inawekwa spika katikati ya mkeka, kila mtu anapewa zamu yake. Unamwambia umekuwa wa ngapi darasani, anakwambia mtii mama yako, salio linakwisha. Yule baba wa simu nilimpenda sana. Baba mwenye mwili nilikuwa nimemsahau, nisidanganye.

Kazi yake tuliijua kwa neno moja tu: mifugo. Kafili wake, yaani yule tajiri aliyemchukulia viza na ambaye bila ruhusa yake huwezi hata kubadilisha kazi, alikuwa na shamba nje ya mji, na Baba alimtunzia mifugo yake. Ngamia aliwaongeza Mama. Hakukusudia uongo. Alisikia mifugo, akafikiria Arabuni, ngamia wakajileta wenyewe. Basi mtaa mzima ukajua kwamba mume wa Mama Zuhura anachunga ngamia wa Mwarabu, na mimi shuleni nilishawachora hao ngamia mpaka penseli ikaisha.

Likizo moja ya katikati ya mwaka, kafili aliamka na moyo mzuri akamwandikia Baba viza zetu mbili za matembezi. Njia nzima ndani ya ndege nilikuwa napanga namna nitakavyomkimbilia. Nikamkuta mwanamume mwembamba, mweusi kwa jua, amesimama pembeni ya mlango wa kutokea wageni na mikono yake kaificha nyuma. Akamsalimia Mama kwa maneno. Mimi nikamkimbilia kama nilivyopanga, naye akarudi nyuma hatua moja, akainama, akasema, "Umekua, Zuhura." Hakunigusa. Nikakaa kiti cha nyuma cha pikapu nikiangalia kisogo chake, nikasema moyoni, huyu hanitaki.

Tulikuwa tumeshaipita mitaa yenye taa, tumeingia upande wa Al Wukair ambako siku hizo kulikuwa vumbi, nguzo na nyumba zisizokwisha kujengwa, ndipo Baba akapunguza mwendo. Akasema kwa sauti ya mtu anayekiri deni, kwamba mifugo yenyewe si ngamia, ni mbwa. Mama akauliza mbwa wa nini. Baba akasema wa kuvuta kigari. Mama akageuza uso dirishani mpaka tukafika.

Ilikuwa hivi. Kafili alisafiri nchi moja ya barafu, akapandishwa kwenye kigari kisicho na magurudumu, chenye mbao mbili ndefu chini, kinachovutwa na mbwa. Aliyoyaona huko yalimwingia akilini, akanunua timu nzima, mbwa na kigari chao, akawaleta Doha kwa ndege. Kigari kikatundikwa ukutani kwa urembo. Kingine kikatengenezwa chenye magurudumu, na asubuhi za majira ya baridi, mchanga ukiwa umepoa na kukaza, mbwa walifungwa mikanda wakamvuta bwana wao jangwani, amesimama nyuma, wageni wanampiga picha. Wakati wa joto hawakutoka kabisa. Walikaa kwenye banda refu la matofali lenye viyoyozi vinavyounguruma kutwa, na ili miguu isilale walipandishwa zamu zamu kwenye mashine ya kukimbilia, ile yenye mkanda unaozunguka chini, wanakimbia na hawafiki popote.

Mwenzake Baba alikuwa Wanjala, Mkenya wa Bungoma, mrefu, mcheshi, Mkristo, aliyewahi kuwa mlinzi wa hoteli kabla ya kuletwa huku. Ndiye aliyenifungulia banda mara ya kwanza, nimevishwa sweta lake linaloburuta chini. Baridi ile ilinikata masikio. Nikaona macho yamejipanga kwenye vyumba vya nyavu, meupe, ya kahawia, yote yananitazama mimi. Mara Wanjala akashusha mikanda kutoka ukutani, na mbwa wote wakalipuka. Walilia, wakaruka, wakang'ata nyavu, mmoja akawa analia kwa sauti ndefu kama mtu aliyefiwa. Nami nikaangua kilio. Kwa akili yangu wale walikuwa wamekosea kitu, wakafungiwa kwenye friji, na sasa wanaletewa fimbo.

"Hawalii, Zuhura," Wanjala akaniambia. "Hawa wanaitisha kazi."

Sikumwamini. Nilihitaji siku kadhaa za kumwangalia kila mbwa akishushwa kwenye mashine, ulimi nje, anarudi mwenyewe kujipanga tena, ndipo nikakubali kwamba duniani kuna viumbe wanaolia kwa kutaka kuchoka.

Mkubwa wao alikuwa jike, mweupe, manyoya mazito mpaka shingo ilipotea. Ndiye aliyefungwa mbele kabisa, wengine wanamfuata yeye. Jina alilokuja nalo lilikuwa gumu, basi Baba na Wanjala wakamwita Bibi, na aliitika. Jicho lake moja lilikuwa la kahawia na jingine la buluu iliyopauka. Nilidhani la buluu ni kipofu, kwa hiyo nikawa nakaa upande huo ili asinione ninavyomchungulia. Alikuwa ananiona vizuri tu, maskini, ananivumilia.

Kafili alimpenda Bibi kupita kiasi. Alikuwa ameondoka na familia yake kukimbia joto, lakini kila jioni alipiga simu, na Baba aliiweka spika, akaisogeza sikioni mwa Bibi kupitia wavu. Tajiri wa watu anazungumza na mbwa kwa Kiarabu cha kubembeleza, mbwa kainamisha kichwa anatafuta mtu yuko wapi. Mama alipoona hivyo alikunja midomo akaondoka. Mimi nilimwonea Bibi huruma, maana nilijua salio litakwisha.

Na lile la Baba kutonigusa nikaja kulielewa siku ya tatu au ya nne. Kila alipotoka bandani alikwenda kwenye bomba la uani, akachota udongo safi kwenye ndoo aliyokuwa ameifunika, akajisugua mpaka viwikoni, akasuuza, akasuuza tena, na tena, mara saba, kama tulivyofundishwa madrasa kuhusu ute wa mbwa. Halafu akabadilisha nguo zote. Halafu akaja moja kwa moja, akaninyanyua juu hadi nikagusa dari kwa kiganja. Siku ile ya uwanja wa ndege alitoka kuwalisha, akachelewa, hakupata nafasi ya kuosha. Nilifurahi siku hiyo hadi nikashindwa kula. Kumbe mtu anaweza kukukwepa kwa kukuheshimu.

Mama hakufurahi. Alitandika kitambaa mlangoni mwa chumba chetu na kutangaza kwamba nguo ya bandani haikivuki. Vyombo vya Baba vikatengwa. Mkeka wa kuswalia ukahamishiwa pembe ya mbali kabisa na ukuta wa mbwa. Nilimsikia akimuuliza Baba, kwa ile sauti ya chini ya watu wazima wanaodhani mtoto kalala, kwa nini hakusema ukweli miaka yote ile. Baba akajibu kwamba alikuwa anaona aibu, na kwamba angemwambia akishaacha.

Maana alikuwa anakaribia kuacha. Hili ndilo lililomfanya Mama asifunge mizigo siku ile ile. Dereva wa nyumba ya mjini, Mhindi wa Kerala aliyewapeleka watoto wa kafili shule miaka mingi, alikuwa anarudi kwao moja kwa moja. Kafili alimwambia Baba kabla ya kuondoka: nikirudi nikute mbwa wangu wazima, nimkute Bibi kama nilivyomwacha, udereva ni wako. Udereva ulikuwa na vyumba viwili huko mjini, mtaa wa Al Mansoura, na makaratasi ya kuwaleta mke na mtoto wakae, si kutembea. Si sauti tena. Baba mwenye mwili, kila jioni.

Ijumaa moja Wanjala akatupeleka kuviona. Havikuwa vimeachwa bado, kwa hiyo tuliviona tukiwa barabarani, juu ya duka la fundi cherehani, madirisha mawili yenye vyuma. Mama alisimama juani akiyapima kwa macho, akanong'ona urefu na upana, kisha akataka kupelekwa madukani Najma akanunue kitambaa. Akachagua cha kijani. Kuanzia hapo, kila asubuhi baada ya kupika, alikaa chini na mkasi wake mkubwa alioutoa Tanga, akakata na kupinda kwa mkono mapazia ya nyumba ambayo hatujapewa. Mimi nilishachagua dirisha langu. Nilishaambiwa shule ina basi lake la njano. Jamani, mtoto akishaambiwa basi la njano, basi, mambo yamekwisha.

Siku yenyewe ilianza kwa ukimya. Ukikaa pahali penye viyoyozi unasahau kwamba vinaunguruma, hadi vinyamaze. Tulikuwa tunakula. Mama kijiko kikasimama hewani. Nje, upande wa barabara mpya waliyokuwa wanaichimba, katapila ilikuwa imekata waya mkubwa wa umeme, na mashamba yote ya upande ule yakazimika kwa mpigo.

Baba hakuwa na wasiwasi mwanzoni, maana kulikuwa na jenereta. Ikawaka, ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazima. Akaifungua, akapuliza vumbi, akaivuta kamba hadi kiganja kikatoka damu. Ikazima. Wanjala alikuwa ameondoka na pikapu tangu asubuhi kwenda Najma kuchukua nyama ya mbwa, na pikapu ndiyo iliyokuwa na kiyoyozi. Baba akampigia. Alikuwa kwenye foleni, anarudi, lakini kote kulikuwa kumeshikana. Baba akampigia kafili. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, akapiga tena. Akampigia msimamizi wa mjini, yule akasema atawaambia watu wa umeme, na watu wa umeme walikuwa wameshaambiwa na wenye mashamba wote kabla yake.

Nikamwona Baba amesimama katikati ya ua na simu mkononi, anaizungusha, hana wa kumpigia. Sijawahi kumwona mtu mzima akiwa hana la kufanya namna ile. Kwenye simu alikuwa na jibu la kila kitu.

Banda lilipoteza baridi yake haraka kuliko tulivyodhani. Baba akafungua milango, hewa iliyoingia ikawa ya moto zaidi, akaifunga. Ndani mbwa walikuwa wamelala kifudifudi kwenye saruji, wanahema kwa kasi, mate yanadondoka, na hakuna aliyebweka. Hilo ndilo lililonitisha. Wale waliokuwa wanalia wakiona mikanda tu, sasa ulikuwa ukiwapita hata mkia hautikisiki.

Maji yalikuwa na vituko vyake. Kule, wakati wa joto, tangi liko juu ya paa, linapikwa na jua, ukifungua bomba la baridi unaungua. Watu huzima hita ya bafuni, na maji yaliyotulia ndani ya hita, chini ya dari, ndiyo ya afadhali. Bomba la moto ndilo linalotoa maji ya baridi. Basi Baba akachota kwenye hita ndoo baada ya ndoo, mimi na Mama tukapokezana mlangoni, tukamwagia mbwa tumboni na kwenye nyayo kama alivyotuonyesha. Mama alikuwa anaziachia ndoo kwenye kizingiti, havuki. Hita ikaisha. Tukatoa maji ya kunywa ya chupa, tukatoa vipande vya barafu vilivyokuwa vinayeyuka frijini, pamoja na juisi yangu. Vyote vikaisha, na jua lilikuwa bado liko juu.

Wadogo walijikongoja. Bibi hakujikongoja. Alikuwa mzee, na ana manyoya mengi kuliko wote. Alijaribu kusimama, miguu ya nyuma ikakataa, akakaa, akaanguka ubavu. Ufizi wake ulikuwa mwekundu wa kutisha. Baba alipiga magoti karibu yake na shati lake lililolowa, anampepea kwa kifuniko cha sufuria, na nikasikia anasema naye, kwa Kiswahili, taratibu, vumilia mama, vumilia kidogo, Wanjala yuko njiani.

Mama alikuwa amesimama kwenye kizingiti kwa muda, mtandio umemkaza usoni. Halafu akasema, "Mvue hilo koti, Baba Zuhura. Mtoto akizidiwa na joto si tunamnyoa?"

Ndivyo tulivyofanya kwetu, na ndivyo mtu yeyote wa pwani angesema. Mimi mwenyewe nilinyolewa upara kila vipele vya joto viliponitoka. Baba akasema haiwezekani. Akasema kafili alimwambia amkute Bibi kama alivyomwacha, na kwamba manyoya yale ndiyo fahari yake, huyasugua kwa mkono wake mwenyewe.

"Na akimkuta maiti?" Mama akamuuliza.

Baba akaweka kifuniko chini. Alimtazama Bibi, akamtazama Mama, na nadhani, sasa nikiwa na umri wake wa wakati ule, kwamba alikuwa anaviona vyumba viwili vya Al Mansoura vimekaa katikati yao kwenye saruji. Ukifanya, vinaweza kupotea. Usipofanya, vinaweza kupotea. Mama akaingia chumbani, akarudi na mkasi, nyuzi za kijani bado zimening'inia. Akavuka kizingiti. Akaketi chini kwenye maji machafu, akakunja miguu, akakivuta kile kichwa kikubwa cha mbwa akakiweka juu ya mapaja yake, kwenye kanga yake.

"Nguo hufuliwa," akasema. "Kata."

Baba akakata. Manyoya yalitoka kwa mafungu, mazito, chini yake kuna mengine laini kama pamba, yote yamelowa, na ile harufu ikajaa banda zima. Mimi nilipewa kifuniko nipepee. Niliogopa kumtazama Bibi, kwa hiyo nilimtazama Mama, mwanamke ambaye akipitwa na mbwa barabarani Tanga hugeuza njia, sasa anamfuta mbwa mate mdomoni kwa ncha ya mtandio na kumsomea dua. Wala hakuwa anajifanya. Alikuwa anataka yule mnyama aishi, na alikuwa anataka mapazia yake yapate dirisha, na sidhani kama mwenyewe angeweza kukwambia lipi lilikuwa kubwa.

Alipokwisha kunyolewa, Bibi alikuwa mdogo. Ndani ya fahari yote ile kulikuwa na mbwa mwembamba wa ngozi ya waridi, mwenye mikato miwili mitatu ya mkasi, mbavu zinapanda na kushuka. Angeweza kupita mtaani kwetu asiangaliwe na mtu.

Wanjala aliingia na pikapu huku anapiga honi, nyuma kajaza mabonge ya barafu aliyoyanunua kwa wauza samaki. "Mzee, nimekuja, nimekuja," ndilo alilokuwa anarudia. Alipomwona Bibi aliziba mdomo kwa mkono, kisha akamnyanyua bila kuuliza, akamlaza kiti cha mbele kiyoyozi kikimpuliza. Wengine wakajazwa nyuma ya kiti, wengine wakalazwa juu ya barafu iliyofunikwa magunia. Umeme ulirudi jua likizama. Hakufa hata mmoja. Bibi usiku ule alikunywa maji, na kesho yake akasimama.

Daktari wa wanyama alikuja asubuhi, kijana mgeni mwenye haraka. Alimpima Bibi, akazungumza na Baba kwa Kiingereza pale uani, Baba akawa anaitikia kwa kichwa kila neno. Mama akauliza amesemaje. Baba akamwambia, "Amesema umefanya vizuri."

Nilijua alichosema kweli miaka mingi baadaye, Baba mwenyewe aliponisimulia tukiwa wawili tu. Daktari alisema maji ndiyo yaliyomwokoa. Alisema manyoya ya mbwa wale hayaleti joto peke yake, yanazuia joto pia, ndiyo kivuli chao. Kumnyoa hakukusaidia kitu, na ya mbwa mzee kama yule huenda yasirudi tena yalivyokuwa. Baba aliyabeba maneno hayo tangu ua ule, akaniomba nisimwambie Mama. Sikumwambia. Wote wawili wametangulia sasa, ndiyo maana ninaweza kuyaandika.

Kafili alirudi kabla ya siku zake, maana kwenye simu alikuwa ameambiwa tu kwamba kulikuwa na tatizo la umeme na mbwa wote wazima. Tulimwona kupitia dirisha la chumba chetu. Nilitegemea kelele. Mtu yule alipiga magoti na kanzu yake nyeupe kwenye saruji, akamshika Bibi mashavu, akalia. Bibi alimlamba uso, mkia unapiga chini, hajui kwamba ana kasoro. Kisha akauliza nani amefanya hivi, na Kiarabu hicho kidogo hata mimi nilishakipata.

"Mimi," Baba akasema. "Peke yangu."

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliuweka mkono begani mwangu, akalibana mpaka nikajikunja.

Sikumchukia yule tajiri, na bado siwezi. Alimsikiliza Baba hadi mwisho: waya, jenereta, simu ambazo yeye mwenyewe hakuzipokea. Akakubali kwamba mbwa wako hai. Lakini alikuwa ameshazungumza na daktari. Akasema, kwa upole, Wanjala ndiye aliyetutafsiria yote, kwamba mtu anayeshika mkasi bila kujua anachokikata, yeye hawezi kumkabidhi watoto wake barabarani. Udereva akampa mtu mwingine. Na bandani pia hakumtaka tena Baba, kwa sababu kila akimwona, alisema, anamwona Bibi alivyokuwa juu ya saruji. Viza ikafutwa. Alitulipia tiketi zote tatu, na mshahara wa Baba hakuupunguza hata senti. Hakukuwa na mtu wa kugombana naye. Ningetamani awepo.

Mama aliyakunja mapazia, akampa Wanjala. Wanjala akasema atamtumia mkewe Bungoma, kisha akaenda nyuma ya banda akakaa huko muda mrefu.

Baba hakukaa Tanga hata mwaka mmoja. Alipata kazi nyingine ng'ambo, mbali zaidi, na safari hiyo alikuwa sauti hadi nilipomaliza shule. Lakini hayo sikuyajua ndani ya ile ndege. Ndani ya ndege nilijua jambo moja tu: tulikwenda Doha ili tuishi na Baba, na huyu hapa Baba, kafunga mkanda, tunarudi naye nyumbani. Nilikuwa nimeketi katikati yao. Nikawaambia, kwa sauti iliyowafanya wa viti vya mbele wageuke, kwamba sasa hakuna haja ya Al Mansoura.

Muda mrefu baadaye, taa zimeshapunguzwa, Mama akainama mbele ili amwone mumewe vizuri. "Lakini tulimwokoa," akasema. "Si tulimwokoa, Baba Zuhura?"

"Ulimwokoa," Baba akamwambia. "Ni wewe."

Mama akaegemea kiti, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu kafili arudi uso wake ukatulia. Baba akageukia dirishani, ambako hakukuwa na kitu cha kuona. Nami katikati yao nilikuwa nahesabu wenzangu shuleni nitakaowaambia kwamba baba yangu amerudi, na nilikuwa na furaha, jamani, furaha ambayo sijaipata tena.